Rangi nne na akina mama wa Feri: shajara ya mradi

12 Januari

Nimeanza. Picha nane za rangi za mafuta, kila moja sentimita 30 kwa 40, za akina mama wanaonunua, wanaobeba na wanaokaanga samaki pale Feri, soko la samaki la Magogoni, Dar es Salaam. Rangi nne tu: nyeupe ya titani, oka ya manjano, nyekundu ya kadimiamu na nyeusi ya pembe. Nyuso zisiwe na macho, pua wala midomo. Muda niliojipa ni miezi sita.

Wazo limetoka kwenye pantoni. Naishi Kigamboni na kazi yangu ya ualimu iko mjini, kwa hiyo kila siku ya kazi navuka asubuhi na kurudi jioni. Pantoni ikiwa bado katikati ya maji, naanza kuwatambua akina mama walio upande wa soko. Kwa umbali ule uso hauonekani. Kuna kipande cha khanga kilichoinama, kingine kimeshika kiuno, kingine kinakwenda kama mtu aliyekanyaga mwiba, na tayari najua huyu ni nani na yule ni nani. Mtoto humjua bibi yake akitokea mbali njiani, kwa mwendo tu, akakimbia kumpokea mzigo kabla hajauona uso. Nataka kujua kama brashi inaweza kulibeba jambo hilo.

Rangi nne nimezichukua kwa Anders Zorn, mchoraji wa Sweden aliyezaliwa Mora mwaka 1860 na kufariki hukohuko mwaka 1920. Katika picha aliyojichora mwenyewe mwaka 1896 ameshika kibao chenye nyeupe, oka, nyekundu na nyeusi, na wachoraji wengi leo huziita kwa jina lake. Buluu naye aliitumia alipoihitaji, kwa hiyo sizichukulii hizi nne kama sheria. Nazichukua kwa sababu nimechoka kuficha uchoraji dhaifu nyuma ya rangi nyingi. Picha zangu za mwaka jana zina rangi kumi na mbili kila moja na hakuna mtu ndani yake.

18 Januari

Vifaa. Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo ukaomba rangi ya mafuta, utapewa kopo la rangi ya kung'aa ya kupakia milango na madirisha. Ndiyo maana ya neno hilo mtaani, na rangi hiyo ina heshima yake: Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 alitumia rangi ya namna hiyo juu ya hadibodi, na wanaomfuata wanaitumia mpaka leo. Kwa kazi yangu haifai. Inakauka upesi, nami nahitaji rangi inayobaki mbichi siku nzima ili niweze kuisukuma, kuikwangua na kuirudia. Ninayoitaka ni ya tyubu, iliyosagwa kwa mafuta ya mbegu za kitani. Nimeagiza Nairobi: tyubu tatu za mililita 37, na nyeupe ya mililita 200, maana nyeupe huisha kuliko zote.

Hadibodi nimenunua shiti moja ya futi 4 kwa 8. Seremala wa mtaani ameikata, ikatoa vipande 24 vya sentimita 30 kwa 40. Nane ni vya picha, vilivyobaki ni vya kujaribia na kuharibia. Upande laini nimeupiga msasa mpaka ukapoteza mng'ao, nikapaka jeso, ile rangi nyeupe ya msingi, mara tatu, kila mara nikipiga msasa mwembamba katikati. Kisha nimepaka vipande vyote rangi ya tope: oka na nyeusi kidogo, imezimuliwa kwa tapentaini hadi ikawa kama chai ya rangi. Ubao mweupe hudanganya. Kila rangi unayoweka juu yake huonekana nyeusi kuliko ilivyo, nawe unaogopa kwenda gizani.

1 Februari

Nimetumia jioni tano kutengeneza chati ya rangi kabla ya kuchora mtu hata mmoja. Yeyote atakayejaribu njia hii namsihi afanye hivyo. Rangi nne zinapokutana mbili mbili, na nyeupe ikiingia kwa viwango, zinatoa vitu ambavyo sikuvitarajia.

Nyeusi na oka zinatoa kijani. Si kijani cha jani la mgomba asubuhi, ni kijani cha mwani uliokauka mwambani. Nyekundu na oka zinatoa chungwa kamili. Nyekundu na nyeusi zinatoa damu ya mzee, rangi nzuri kuliko zote kwenye chati, nzito bila kuwa chafu. Na nyeusi ikichanganywa na nyeupe peke yake inatoa kijivu chenye ubaridi, kinachoelekea samawati. Nyeusi hii wauzaji wanaiita ya pembe kwa kuwa zamani ilipatikana kwa kuchoma pembe za ndovu. Siku hizi ni mifupa iliyochomwa. Kaboni yake ina ubaridi ambao huoni ukiitazama kwenye tyubu, unauona pale tu nyeupe inapoifungua.

Kisichopatikana: buluu kali, zambarau ya kweli, na waridi la kung'aa. Kwa maneno mengine, nusu ya khanga zote za Feri. Nimeandika tatizo hilo ukutani kwa chaki na kuliacha hapo.

9 Februari

Ngozi ndiyo imenipa kazi wiki hii nzima.

Maelekezo mengi ya rangi za Zorn yameandikwa kwa ajili ya ngozi ya watu wa kaskazini: anza na nyeupe, tia oka, tia tone la nyekundu. Ukianzia hapo kisha ukaongeza nyeusi ili kumpata mama wa Magogoni, unapata majivu. Nimepata majivu mara nne. Mtu anaonekana amepakwa vumbi la saruji, na kwangu hilo ni zaidi ya kosa la ufundi, kwa sababu nimewaona watu wetu wakichorwa hivyo mara nyingi mno.

Jibu ni kuanzia upande wa pili. Weka damu ya mzee kwanza, nyekundu na nyeusi, bila nyeupe kabisa. Huo ndio mwili kivulini. Halafu isogeze kwa oka kuelekea kwenye mwanga. Kwa mtu wa maji ya kunde, oka inaongoza, nyekundu inafuata, nyeusi ni tone. Kwa mtu mweusi tii, nyeusi na nyekundu zinaongoza, na oka inaingia pale tu jua linapogusa. Nyeupe isiingie mpaka mwisho kabisa.

Na huo mwisho ndio uliniacha kinywa wazi. Mng'ao wa ngozi nyeusi nje, juani, hauna manjano. Unaakisi anga, kwa hiyo ni wa baridi. Kile kijivu cha samawati, nyeusi na nyeupe tu, ukikiweka kileleni mwa bega kwa brashi moja na kukiacha bila kukisugua, bega linageuka kuwa mviringo, lina jasho, lina joto. Joto linatokea kwa sababu ya baridi iliyowekwa kando yake. Nimejaribu kwenye vipande sita, na mara zote sita ilifanya kazi pale tu nilipoacha kuisugua.

16 Februari

Picha ya 1: mama aliyebeba ndoo kichwani. Kutwa moja, kisha kuguswa jioni mbili. Viwango vitatu tu vya mwanga: giza, kati na mwanga. Nafinya macho mpaka kila kitu kiwe mabaka matatu, kisha napaka mabaka hayo. Safu ya kwanza nimeizimua kwa tapentaini, ya pili kama ilivyotoka kwenye tyubu. Kanuni ni kwamba safu ya juu isiwe na mafuta machache kuliko ya chini, kwa sababu rangi hii haikauki kwa kupoteza maji, inakauka kwa kunywa oksijeni ya hewa. Yenye mafuta mengi huchelewa. Ukiiweka chini ya ile inayowahi, ya juu itapasuka.

Matambara ya kufutia nimeyatandaza juu ya kamba, moja moja. Tambara lenye mafuta ya kitani likikunjwa na kutupwa pembeni linaweza kujipasha moto lenyewe mpaka likawaka. Nina watoto ndani ya nyumba, sitanii na hilo.

2 Machi

Nimekwenda Feri adhuhuri makusudi, Jumapili, na daftari. Siku hizi za mwanzo wa Machi jua la Dar es Salaam linapita utosini kabisa. Litafanya hivyo tena Oktoba. Kwenye saa sita na nusu mchana kivuli cha mlingoti wa mashua kilikuwa kimejikusanya chini ya mlingoti wenyewe.

Nilichokuwa nakitafuta kwa nguvu miezi miwili, jua lilikuwa linakifanya bure. Likitokea juu namna ile, linawasha ukingo wa ndoo, vilele vya mabega, mgongo wa mkono ulioinuliwa na vidole vya miguu. Uso wote, chini ya ndoo na ushungi, uko gizani. Mimi sikumnyima mama yule macho. Mwanga ulikuwa umeyafunika. Nilichora michoro 14 ya penseli kwa saa moja na nusu, nikiomba ruhusa kila mara, na nikarudi nyumbani na vibua vya wiki nzima kwa sababu huwezi kukaa kwenye beseni la mtu muda wote huo usinunue.

15 Machi

Picha ya 2, mkaangaji, na ya 3, wawili kwenye mnada. Zimekwenda haraka. Haraka mno, naona sasa.

23 Machi

Leo nimezipeleka picha tatu Feri, nimezifunga kwa kadibodi ili zisigusane. Niliona ni haki walioko ndani ya picha waone kwanza.

Mama mmoja mkaangaji, ambaye hunipa kiti chake nikichora, alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya karai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo unabeba mbao badala ya ndoo?"

Nikamwonyesha. Akazitazama moja baada ya nyingine bila haraka, akapangusa mikono, akazitazama tena.

"Nzuri," akasema. "Ni wanawake."

"Ni akina nani, mama?"

"Ndio nakwambia. Ni wanawake."

Akamwita mwenzake. Mwenzake akasema zinapendeza, akauliza kama nitazipeleka kwenye maduka ya watalii, maana hivi ndivyo wanavyovipenda: watu warefu, wembamba, hawana sura.

Hakuwa na ubaya wowote, na alisema kweli. Nimekaa na picha hizo jioni nzima. Wote wana mwili uleule: pembetatu ya khanga, duara la kichwa, mkono mmoja juu. Uzito umegawanyika sawasawa kwenye miguu yote miwili, mabega yamelala kama rula. Nilidhani nimerahisisha. Kumbe nilikuwa nimesahau, na mahali niliposahau nilijaza kwa umbo ambalo mkono wangu unalijua tayari, umbo la picha za kuning'inizwa hotelini. Akina mama hawa wanaamka saa tisa usiku kuja kupigania fungu la samaki. Wanastahili zaidi ya pembetatu.

Nimesimamisha kupaka rangi.

19 Aprili

Nimerudi kutoka Kondoa. Likizo fupi, na safari ya ndugu, lakini nilihakikisha nafika Kolo.

Michoro ya miambani ya Kondoa iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006, na nilikuwa nimeiona kwenye picha tu. Kupanda kunachosha, kisha unasimama chini ya mwamba ulioinama kama paa, na macho yakishazoea kivuli watu wanaanza kujitokeza. Wekundu. Warefu, wembamba, hawana sura.

Ndiyo, maneno yaleyale ya yule mama. Nilikaa chini.

Aliyewachora alikuwa na rangi moja, wekundu wa udongo wenye chuma. Hana kivuli wala mwanga, hana kiwango hata kimoja zaidi ya jiwe lenyewe. Lakini hakuna wawili wanaosimama sawa. Kuna kundi moja ambalo wageni wote huonyeshwa, la watu waliosimama pamoja na wa katikati yao ameshikwa mikono na wengine. Mwanaakiolojia Mary Leakey, aliyenakili michoro ya eneo hili mwaka 1951, alihisi ni mtu anayetekwa. Wengine wanaona ngoma, au ibada ambamo mtu aliyezidiwa na nguvu anashikiliwa asianguke. Ubishi huo unawezekana kwa sababu miili inaegemea. Ungewasimamisha wima kama pembetatu zangu, pasingekuwa na cha kubishania. Mchoraji yule aliacha kila kitu isipokuwa mahali uzito unapokwenda.

Nilichora kwa penseli mpaka mwongoza wageni akaniambia kwa upole kwamba jua linashuka.

Njiani kurudi Dodoma nilimkumbuka pia mchoraji Sam Ntiro, Mchaga wa kutoka Machame aliyesoma Makerere na kisha London. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, ipo Museum of Modern Art, New York. Watu wa Ntiro ni rahisi sana kwa umbo, na bado unajua nani amebeba, nani amechoka, nani anaongoza njia. Nimekuwa nikimtafuta Zorn huko Sweden wakati jibu la nusu ya pili ya swali langu lilikuwa hapa nyumbani, mwambani na mlimani.

27 Aprili

Njia mpya. Kabla ya rangi yoyote, mistari mitatu kwa mkaa: mstari wa mabega, mstari wa nyonga, na timazi. Timazi naifikiria kama ile ya fundi mwashi, uzi wenye kipande cha chuma: unaanzia shimo la koo na kushuka mpaka chini. Mtu akisimama kwa mguu mmoja, uzi huangukia kwenye kifundo cha mguu huo. Akibeba uzito kwenye yote miwili, huangukia katikati. Nyonga ya upande unaobeba hupanda, bega la upande huohuo hushuka. Mabega na nyonga yakilala sambamba, mtu wako ama ni askari kwenye gwaride ama ni pembetatu.

Nimekwenda Feri alfajiri siku mbili mfululizo nikachora mistari hiyo tu, hakuna kingine. Sekunde ishirini kwa mtu. Nimejifunza haya:

Aliyebeba ndoo hana shingo iliyochoka. Shingo yake ndiyo kitu kilichonyooka kuliko vyote sokoni. Ngata imekaa kichwani kama msingi, na kazi yote ya kuyumba inafanywa na kiuno. Mkono ulioshika ndoo unaliinua bega, kwa hiyo upande mmoja wa mwili ni mrefu na mwingine umekunjika.

Mkaangaji hageukii karai. Magoti ameyaachanisha, khanga imetanda katikati yake kama ngozi ya ngoma, mkono uko mbele na kidevu kiko begani, kwa ajili ya moshi na mafuta yanayoruka. Mwili unakwenda mbele, kichwa kinakwenda kando.

Anayesubiri dalali ataje bei huweka mguu mmoja mbele, lakini uzito haumo ndani yake. Uko nyuma, tayari kuondoka kama bei si yake. Na mkono mmoja umefumba pindo la khanga penye fundo la hela. Ngumi ile ni ndogo, brashi mbili tu, na ndiyo picha nzima.

Kibwebwe ndicho kilichonisaidia kuliko vyote. Khanga iliyofungwa kiunoni ni mstari wa nyonga uliochorwa tayari. Sihitaji kukisia.

11 Mei

Masika yamekolea. Unyevu ni mwingi na rangi haikauki. Nyeusi ya pembe na nyekundu ya kadimiamu ni wazito wa kukauka hata wakati wa kiangazi, na hizo ndizo zinazoshika vivuli vyangu vyote. Picha ya 2 niliyoirudia ina siku kumi na bado inaacha alama kwenye kidole. Juzi niliziegemeza picha mbili ukutani zikitazamana, upepo ukazisukuma, zikagandana. Nilipozitenganisha, bega la mmoja lilikuwa limehamia kwa mwingine. Nimekwangua zote mbili hadi kwenye jeso. Seremala amenitengenezea rafu yenye mifereji, kila ubao unasimama peke yake.

24 Mei

Picha ya 4, anayesubiri dalali. Hapa nimeelewa kitu kuhusu kingo. Kivuli cha khanga yake na kivuli cha mwanamke aliye nyuma yake vilikuwa na giza sawa, nami nilikuwa nikihangaika kuvitenganisha kwa mstari. Nikaufuta mstari. Vivuli viwili vikawa baka moja kubwa la damu ya mzee, na watu wawili wakawa wanasongana kama wanavyosongana kwenye mnada. Jicho linajua pa kuwatenga. Tangu hapo, popote giza linapokutana na giza nayaacha yaungane, na ukingo mkali nauweka mahali pamoja tu katika picha. Hapa ni ile ngumi.

7 Juni

Khanga ya buluu.

Picha ya 5 ni ya yule mama wa kwenda kama aliyekanyaga mwiba. Namwona karibu kila asubuhi, ndoo mkononi badala ya kichwani, mwili umeegemea upande mmoja. Siku niliyomchora alikuwa amejifunga khanga ya buluu kali na nyuma yake ilikuwa bahari. Buluu mbili, nami sina hata moja.

Nilikaribia kununua tyubu ya tano. Badala yake nilirudi kwenye chati. Kijivu kilekile cha nyeusi na nyeupe nilikipaka kwenye vipande viwili vya ubao. Kimoja nilikizungushia kile kijani cha mwani, kikabaki kijivu, kimelala. Kingine nilikizungushia chungwa lililopunguzwa kwa nyeupe, rangi ya mchanga wenye jua, kikageuka buluu mbele ya macho yangu. Nilimwita binti yangu nikamuuliza ni rangi gani. Akasema samawati, bila kusita.

Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliandika juu ya jambo hili mwaka 1839. Alikuwa msimamizi wa utiaji rangi nyuzi katika kiwanda cha ufumaji cha Gobelins, Paris, na watu walilalamika kwamba nyuzi zake nyeusi hazikuwa nyeusi vya kutosha. Alipozichunguza, akakuta nyuzi hazina kosa, ila rangi zilizofumwa kando yake ndizo zilizozififisha. Rangi huisukuma jirani yake kuelekea kinyume chake. Chungwa linaisukuma kijivu kuelekea buluu.

Kwa hiyo nimeipaka ardhi yote ya picha ya 5 kwa joto: mchanga wa chungwa hafifu, ndoo nyekundu, ngozi ya maji ya kunde yenye oka nyingi. Khanga ni nyeusi na nyeupe, na bahari ni nyeusi na nyeupe iliyofunguliwa zaidi. Ukiifunika picha kwa mkono ukaacha khanga peke yake, ni kijivu cha saruji. Ukiondoa mkono, ni buluu. Sijawahi kuifurahia picha yangu kama hii.

Jambo dogo la mpangilio: kwenye mchoro wangu wa penseli alikuwa akielekea kushoto, akitoka nje ya picha. Nimeugeuza ili aelekee ndani.

21 Juni

Picha ya 6 na ya 7 ziko kwenye safu ya kwanza. Kusi linavuma, hewa imekauka, rangi nayo inakwenda vizuri. Picha ya 1 nimeirudia tangu mwanzo kwenye ubao mpya. Ile ya zamani nimeiweka juu ya kabati, niione.

29 Juni

Nimepeleka Feri picha nne: ya 1 mpya, ya 2, ya 4 na ya 5. Mama mkaangaji alikuwepo, na wenzake watatu.

Kwenye ya 1 walibishana. Wawili walisema ni fulani, mmoja akasema ni mdogo wake fulani, maana wanabeba sawa. Wote walikuwa wametaja ukoo mmoja. Ya 2 mama aliitazama, akacheka, akageuza kidevu begani kwa makusudi. "Mimi hukaa hivi?" Wenzake wakamjibu kwa pamoja kwamba ndiyo. Ya 4 hawakuijua. Mmoja alisema inaweza kuwa yeyote mwenye hela kidogo. Nitairudia, ingawa jibu lile silioni baya.

Ya 5 waliitazama kimya. Kisha mama akaichukua kwa ncha za vidole pembeni, akaisogeza kwenye mwanga.

"Huyu ni mama wa pweza," akasema. "Ameikusanya khanga yake ileile. Lakini mwanangu, umemkosea."

"Nimemkosea wapi, mama?"

"Mguu. Wake mbovu ni wa kushoto. Wewe umemtia wa kulia. Akikuona hivi atasema unamwongezea."

Mwenzake akaitikia: "Wa kushoto, tangu alipoanguka kwenye ngalawa."

Nilieleza kwamba niligeuza mchoro ili atazame ndani ya picha. Walinisikiliza kwa adabu, na nilipomaliza mama akarudia: "Wa kushoto."

Nimerudi na pantoni ya jioni, picha mapajani. Rangi ya miguu bado haijashika sana, kisu kinaichukua. Nimekwangua kutoka magotini kwenda chini, pamoja na kivuli na kipande cha mchanga, na nimechora timazi upya. Uzi sasa unaangukia kifundo cha kulia, nyonga ya kulia inapanda, na hilo linalazimisha bega la kulia kushuka, na ndoo ihame mkono. Ni karibu nusu ya picha. Nimechanganya damu ya mzee ya kutosha na kuifunika kwa nailoni mpaka kesho.